Yaliyoanguka Chini ya Mkasi

Miongoni mwa aina zote za filamu zinazotazamwa leo, kuanzia kumbi kubwa za Marekani hata vibanda vya video vya Mangobo na Kabondo mjini Kisangani, hakuna aina ambayo wapenzi wake huumia roho kwa kile wasichokiona kama hizi filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale warukao angani bila mabawa na kusimamisha treni kwa mkono mmoja. Mpenzi wa filamu ya mahaba hutosheka hadithi inapokwisha; huyu wa mashujaa ndipo kwanza huanza kuuliza ni tukio gani lilipigwa picha kisha likatolewa, ni mwigizaji gani aliyekatwa, ni mwisho gani uliofichwa, na aliyeamuru hayo yote ni nani. Swali hilo limekuwa biashara, limekuwa ugomvi, na katika mwaka 2021 liliilazimisha kampuni kubwa ya Marekani kuitoa upya filamu ambayo ilikwisha kuonyeshwa dunia nzima. Nataka kulichambua hapa taratibu, na nitalichambua nikiwa nimeuelekeza uso Kisangani, kwa kuwa mji ule ulioko penye maporomoko ya Wagenya, katikati ya bara, umeijua habari ya kukatiwa picha tangu zamani, na kwa namna ambayo wapenzi wa Batman na Superman hawajaionja.

Yafaa kwanza iondolewe dhana moja iliyoenea, nayo ni ile ya kwamba kila kipande kilichokatwa kimedhulumiwa. Aghalabu sivyo. Filamu hupigwa picha kwa wingi unaopita haja, na hupigwa hivyo kwa makusudi, maana hakuna muongozaji awezaye kujua kwa yakini, angali uwanjani na jua linamkimbia, ni lipi litakaloshikana na lipi litakaloachana pindi vipande vyote vitakapowekwa mezani. Ndipo huja mhariri, ambaye hazina yake ni subira, akaitafuta filamu ndani ya rundo la picha. Chukua Black Panther ya mwaka 2018, iliyoshangiliwa Afrika Mashariki kuliko nyingine yoyote ya jinsi yake, hata ikafanyiwa uzinduzi Kisumu mwezi wa Februari mwaka ule kwa fahari ya Lupita Nyong'o, binti wa gavana wa huko. Mkusanyo wake wa kwanza ulikuwa wa karibu saa 4, nasi tukapewa dakika 134. Baadhi ya yaliyotolewa yaliuzwa baadaye pamoja na filamu kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, na mwenye kuyatazama bila ushabiki atakiri kwamba mengi yalistahili kutoka: T'Challa, shujaa wa kisa, akimkumbuka babaye, mathalan, ni jambo lililokwisha kusemwa mara mbili mahali pengine katika filamu ile ile, na mara ya tatu ingechosha.

Lakini lipo moja ambalo hukumu yangu ni kwamba mkasi ulikosea, nalo ni mazungumzo ya wapenzi wawili, Okoye na W'Kabi, juu ya mustakabali wa nchi yao, Wakanda. Katika filamu iliyotoka, mapenzi ya wawili hao yameguswa kwa kupita tu, kiasi cha kwamba Okoye anapomwelekezea mkuki mpenzi wake pale uwanjani, mtazamaji asiye makini hujiuliza tangu lini hawa walikuwa wapenzi. Na hivyo hitilafu iliyo nzito kuliko zote katika kisa kile, yaani ya nyumba moja iliyogawanyika juu ya nchi, yafika ikiwa haina mzizi. W'Kabi, aliyeigizwa na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi Waganda, alipotezewa kwa dakika chache zile sababu zake zote, akabaki msaliti wa kawaida.

Hiyo basi ndiyo hali ya kipande kilichokatwa kwa sababu za ufundi, na kama mambo yangeishia hapo, maudhui haya yangekuwa ya wahariri na wanafunzi wao peke yao. Hayakuishia hapo kwa kuwa kampuni ziligundua kwamba takataka ya mezani ina bei. Juni 28, 2019, filamu ya Avengers: Endgame, iliyokuwa imeanza kuonyeshwa mwezi wa Aprili na ikawa imeikaribia rekodi ya mapato ya Avatar bila kuifikia, ilirudishwa katika kumbi ikiwa na nyongeza mwishoni, na mojawapo ya nyongeza hizo ilikuwa tukio la Hulk lisilomalizika. Nalisema neno hilo kwa maana yake halisi: yule jitu la kijani aonekana akiwaokoa watu katika jengo linaloungua, lakini ngozi yake haina vinyweleo wala jasho, nuru ya moto haimwangukii ipasavyo, na mwendo wake ni wa kikaragosi ambaye mafundi wa kompyuta walimwacha njiani walipoambiwa kwamba hatahitajika. Watu walilipa nauli na tiketi kumtazama. Mwezi uliofuata rekodi ikavunjwa. Sitaki kusema kwamba ni tukio lile lililoivunja, ila yaonyesha jinsi kiu ilivyokuwa: hadhira ilikuwa tayari kununua hata kile ambacho watengenezaji wenyewe walikiona hakifai kumalizwa.

Kisa cha Justice League ndicho mama wa visa vyote vya namna hii. Zack Snyder alikuwa amekwisha kuipiga picha filamu hiyo ya kampuni ya Warner Bros. alipofiwa na bintiye, akajitoa mwezi wa Mei mwaka 2017. Kazi ikatiwa mikononi mwa Joss Whedon, naye akaongeza matukio mapya, akapunguza ya zamani, na kuibana hadithi yote ndani ya dakika 120, kwa haraka ambayo ushahidi wake umo usoni mwa Superman mwenyewe, kwani Henry Cavill, aliyekuwa amefuga masharubu kwa ajili ya filamu nyingine, ilibidi afutiwe kwa kompyuta, akabaki na mdomo wa juu kama wa mtu aliyetoka sasa hivi kwa mng'oa meno. Filamu haikupendeza. Ndipo wapenzi wakaanza kudai ile ya Snyder, wakadai kwa zaidi ya miaka miwili: walikodi ndege ikavuta bango angani, walichanga zaidi ya nusu milioni ya dola kwa shirika la kuzuia watu kujiua kwa kumkumbuka binti yule, na baadhi yao, insafu yataka lisemwe, waliwatukana na kuwatisha watu mchana na usiku. Machi 18, 2021, filamu ya Snyder ikatoka katika huduma ya HBO Max, ikiwa na dakika 242, baada ya kutumiwa takriban dola milioni 70 nyingine kuikamilisha. Na mwaka uliofuata jarida la Rolling Stone likafichua uchunguzi wa kampuni yenyewe uliokadiria kwamba si chini ya asilimia 13 ya akaunti zilizopiga kelele ile zilikuwa za bandia. Mtu aweza kucheka, lakini hata ukiziondoa hizo, asilimia 87 ni umati.

Mwenye kuzilinganisha filamu mbili hizo ataona jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko urefu wala rangi wala ubora wa mapigano. Aliyepoteza zaidi katika ile fupi alikuwa Cyborg, kijana mweusi aliyeigizwa na Ray Fisher: maisha yake ya shule na mpira, kifo cha mamaye, uchungu wake na babaye mwanasayansi, karibu vyote vilitolewa, akabaki mashine yenye kujibu maswali. Kiersey Clemons, naye mweusi, aliyekuwa Iris West, aliondolewa kabisa, asionekane hata kivuli. Fisher alimshutumu Whedon hadharani mwezi wa Julai mwaka 2020 kwa jinsi alivyowatendea watu kazini, na Whedon baadaye akazikana shutuma hizo. Ugomvi wao si wangu kuuhukumu. Ila filamu mbili zipo, kila mtu aweza kuziweka kando kwa kando, na zaonyesha bila ya haja ya shahidi mwingine kwamba pale mwenye mali aliposema hadithi ipunguzwe, waliopunguzwa kwanza ni wale ambao alidhani hadhira haitawaulizia. Hadhira iliwaulizia. Hapo ndipo naona thamani ya kelele zile, pamoja na upuuzi wake wote.

Kuna na kukata kwa hofu. Tangazo la Spider-Man, lililoonyeshwa katika kumbi mwaka 2001, lilikuwa na helikopta ya wezi wa benki iliyonaswa katika utando uliotandwa baina ya minara miwili ya New York. Baada ya Septemba 11 likaondolewa mara moja, na hakuna aliyelaumu. Hofu ya namna hiyo ni ya adabu. Hofu ya namna nyingine ndiyo inayotupeleka Kisangani.

Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alifika mji huo, wakati ule ukiitwa Stanleyville, angali kijana, akafanya kazi katika posta, akafungwa humo, akawa kiongozi humo, na mwezi wa Oktoba mwaka 1959 chama chake kilifanya humo mkutano uliomalizika kwa risasi na kukamatwa kwake. Alipotoroka Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwishoni mwa Novemba 1960, ni Stanleyville alikokuwa akielekea, ambako watu wake walikuwa wakimngoja. Alikamatwa njiani, akauawa Januari 17, 1961. Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyekulia Kongo, alitengeneza filamu juu yake iliyotoka mwaka 2000, na ndani yake mlikuwa na mkutano unaozungumzia kuondolewa kwa Lumumba, na mmoja wa waliohudhuria alitajwa kwa jina, Frank Carlucci, ambaye mwaka 1960 alikuwa mwanadiplomasia kijana katika ubalozi wa Marekani na baadaye akawa waziri wa ulinzi wa nchi yake. Carlucci aliikana habari ile, wanasheria wake wakaingia kazini, na filamu ilipoonyeshwa Marekani katika runinga ya HBO mwaka 2002, jina lake lilifunikwa kwa mlio na kuondolewa katika orodha ya wahusika. Tukio zima lilibaki. Kilichokatwa ni jina, sauti ya nukta moja hivi.

Nami naomba msomaji azingatie nyumba yenyewe. HBO wakati ule ilikuwa ya AOL Time Warner, na HBO Max ambayo miaka 19 baadaye ilizirudisha saa mbili nzima za Cyborg na wenzake ni tawi la ukoo huo huo. Si kwamba watu wale wale walikaa chumba kimoja. Makampuni hununuliwa na kuuzwa na mabwana hubadilika. Lakini ni ghala moja, na ghala lile lilijua kuvitoa vipande vilipodaiwa na umati wenye kulipa kila mwezi, na lilijua kuufunga mdomo wa filamu ulipodaiwa ufungwe na mtu mmoja mwenye wanasheria. Wakazi wa Kisangani, ambao katika mji wao kila mzee ana lake la kusema juu ya Lumumba, hawakuwa miongoni mwa waliosikilizwa, wala hawakujua kwamba palikuwa na la kudai.

Nyumba hiyo ndiyo iliyoonyesha pia kwamba filamu nzima yaweza kuwa kipande kilichokatwa. Batgirl, iliyoongozwa na Adil El Arbi na Bilall Fallah, Wabelgiji wawili wenye asili ya Moroko, iligharimu takriban dola milioni 90 na ilikuwa imekwisha kupigwa picha, iko katika uhariri, pale mwezi wa Agosti mwaka 2022 wakuu wapya wa Warner Bros. Discovery walipotangaza kwamba haitaonyeshwa popote. Ilikuwa afadhali, kwa mahesabu yao, kuiandika kuwa hasara na kupunguziwa kodi kuliko kuitoa. Waongozaji wale wameeleza kwamba walipojaribu kuingia katika hifadhi ya picha zao ili angalau wanakili chochote kwa simu, walikuta wamekwisha kufungiwa. Mkasi wa mhariri hukosea na hupatia; ule wa mhasibu haukosei wala haupatii, maana hauitazami filamu. Na hili naliona baya kuliko yote niliyoyataja hapo juu, kwa kuwa ile fupi ya Whedon, pamoja na ubaya wake, ilimwachia mtu kitu cha kulalamikia.

Wakati Wabelgiji hao wawili walipokuwa wakifungiwa kazi yao Hollywood, sijui kama kuna aliyewakumbusha kwamba nchi yao iliwahi kuwa bingwa wa ufundi huo. Katika Kongo ya Kibelgiji, amri ya serikali iliwakataza Waafrika kutazama filamu yoyote isipokuwa zile zilizopitishwa kwa ajili yao na tume ya ukaguzi. Na mapadri, ambao ndio waliokuwa na mitambo ya kuzungusha sinema misheni kwa misheni, walikuwa na mkasi wao, ambao uliondoa busu, uliondoa bastola, na uliondoa hasa kila picha ya mzungu akipigwa au akiaibika. Mkazi wa Stanleyville aliyekaa mbele ya shuka jeupe miaka ile alitazama filamu zilizokwisha kukatwa mara mbili: mara ya kwanza na mtengenezaji, kwa ajili ya mtazamaji yeyote, mara ya pili na serikali, kwa ajili yake yeye. Kwamba ulinzi huo haukufaa kitu kulijulikana mapema. Vijana wa Léopoldville katika miaka ya 1950 walivaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani, wakajiita Bill, wakaiga mwendo na maneno ya sinema zile ambazo walikuwa wamehifadhiwa wasidhurike nazo.

Mkasi wa tatu wa Kisangani ni wa leo, na si wa mtu mbaya. Ingia katika kibanda chochote cha video: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, runinga juu ya meza iliyofungwa kwa minyororo, na nje jenereta inayoguguma kwa sababu umeme wa bwawa la Tshopo haufiki au umekatika. Waendesha toleka, yaani teksi za baiskeli, wameziegesha ukutani, vijana wamelipa kiingilio. Filamu inapokwisha na majina kuanza kupanda, mwenye kibanda huzima papo hapo, kwa kuwa kila dakika ni mafuta. Na katika filamu za Marvel, watengenezaji wa Black Panther na Avengers, kama ajuavyo kila mpenzi wa filamu hizo, kipande kinachoifunga hadithi hii na ile ijayo hukaa baada ya majina. Hivyo wako watazamaji waaminifu, wajuao kila pigo la Thanos, ambao hawajawahi kuona hata kimoja cha vipande hivyo, na huifuata hadithi kwa kubahatisha. Diski zenyewe, zilizonakiliwa na kusongwa filamu kumi kumi ndani ya moja, hazina nafasi ya nyongeza. Vipande vilivyokatwa, vinavyouzwa kwa fahari kule vinakotoka, hukatwa tena njiani.

Nasi watu wa upande wa mashariki tusijifanye wasafi, maana wafasiri wetu wa vibandani nao wana mkasi. Marehemu Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Uganda, hawa wote wamemwachia mwigizaji midomo wakachukua maneno, na linapokuja tukio refu la watu wawili kuzungumza juu ya majuto yao, mfasiri hulijaza kisa kingine kabisa, pengine bora. Wakosoaji huliita hilo upotoshaji. Mimi naliona kuwa ni uhariri wa halali, kwa sababu hadhira yamjua mhariri wake kwa jina na sauti, na ikichukizwa hutoka.

Sasa niifikie filamu ambayo kwa Kisangani ni muhimu kuliko zote, nayo tena ni ya Warner Bros.: The Legend of Tarzan, iliyoongozwa na David Yates na kutoka mwezi wa Julai mwaka 2016. Tarzan, aliyebuniwa na Edgar Rice Burroughs mwaka 1912, ni babu wa hawa mashujaa wote, na aliwatangulia Superman na Batman kwa zaidi ya miaka 20. Filamu ya Yates, iliyogharimu takriban dola milioni 180, ilitaka kufanya hisani: ilimweka Tarzan katika Kongo ya Mfalme Leopold mwaka 1890, ikamfanya adui kuwa mtu aliyekuwapo kweli, Léon Rom, na ikampa Tarzan mwenzi aliyekuwapo kweli, George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari, mchungaji, mwanasheria na mwanahistoria, akaigizwa na Samuel L. Jackson, yule yule anayewakusanya mashujaa wa Marvel akiwa Nick Fury. Misitu ilipigwa picha Gabon, na Kongo iliyobaki ilijengwa ndani ya studio za Leavesden, Uingereza.

Tazama basi kilichoachwa nje. Rom wa filamu auawa na mamba huko Boma mwaka ule ule wa 1890. Rom wa kweli alikuja kuwa mkuu wa kituo cha Stanley Falls, yaani Kisangani yenyewe, na mwaka 1895 msafiri Mwingereza Edward Glave aliandika kwamba vichwa 21 vya watu vililetwa kituoni baada ya mashambulizi, na kapteni huyo akavitumia kupamba ukingo wa bustani ya maua mbele ya nyumba yake. Alikufa huko Ubelgiji mwaka 1924, akiwa mtu wa heshima. Ilikuwa furaha kumwona akiliwa na mamba. Lakini furaha hiyo imenunuliwa kwa bustani ile, ambayo haimo katika filamu, wala katika vipande vyake, kwa kuwa aliyeuawa mwaka 1890 hawezi kupanda maua mwaka 1895.

Williams naye amepata sehemu hiyo hiyo. Katika filamu arudi Uingereza salama na kumkabidhi waziri mkuu barua ya wazi. Barua ya kweli alimwandikia Leopold mwenyewe, na aliiandika Stanley Falls, Julai 18, 1890. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1891, alikufa Blackpool njiani kurudi kwao, akiwa na umri wa miaka 41. Na ndani ya barua ile mna tukio ambalo laiti lingepigwa picha lingekuwa bora kuliko mapigano yote ya masokwe. Williams aeleza jinsi mawakala wa mfalme walivyozipata ardhi za machifu: mzungu alificha betri za umeme ndani ya koti, akaziunganisha kwa waya na utepe kiganjani, na alipompa chifu mkono wa salamu, chifu alitikiswa hata akakaribia kuanguka, akaambiwa kwamba ndugu yake mweupe ana nguvu za kung'oa miti. Akawasha sigara kwa kioo cha kukusanya jua, kisha akadai kwamba jua lamtii na laweza kukiunguza kijiji kizima. Kwa hila kama hizo, na masanduku machache ya pombe, vijiji vilitiwa sahihi.

Tafakari: shujaa wa kwanza mwenye nguvu za ajabu kuonekana Kongo alikuwa tapeli mwenye betri kotini, na aliyemfichua alikuwa mtu mweusi aliyekaa penye maporomoko ya Wagenya na kalamu. Nimeitazama filamu ile nikilingoja tukio hilo na sikuliona. Hapa kelele za wapenzi hazina la kufanya. Waliodai Justice League walidai picha zilizokuwapo, zimelala ghalani, zina namba, na kampuni ilijua rafu zake. Bustani ya Rom na betri za mawakala haziko katika rafu yoyote, kwa sababu zilikatwa katika akili ya mwandishi kabla kamera haijafunguliwa. Mimi naona ukosoaji wetu umekawia mno katika chumba cha uhariri, ambako ukataji mdogo hufanyika kwa mkasi mkubwa, na haukuingia vya kutosha chumba cha mswada.

Wala si kwamba kamera hazikufika. John Huston alipiga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki, kusini ya Stanleyville, mwaka 1951, akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, kwa ajili ya The African Queen. Mashua ikazama na kuopolewa, watu wa kambi wakaugua kwa maji, kisha wakahamia Uganda, na matukio ya kuingia mtoni yakapigwa ndani ya dimbwi huko London, ambako maji hayana vijidudu. Fred Zinnemann alikuja mwaka 1958 na Audrey Hepburn kwa The Nun's Story, akapiga picha mjini na Yakusu, penye hospitali ya misheni. Kila utepe, uliotumika na usiotumika, ulifungwa katika makopo ukapelekwa kusafishwa ng'ambo.

Aliyekuja kufanya kinyume ni mwana wa mji, Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984. Alipiga picha wanafunzi wakitapia ada na majibu ya mtihani wa taifa katika Examen d'État ya mwaka 2014, na afisa wa polisi Honorine Munyole akiwatetea wanawake na watoto katika Maman Colonelle ya mwaka 2017, kisha akaingia katika jambo ambalo Kisangani ilikuwa ikiliombea mtu wa kulitazama: vita vya siku sita, kuanzia Juni 5 hata Juni 10 mwaka 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji usiokuwa wao, yakaangusha maelfu ya makombora na kuua mamia ya raia. Filamu yake, En route pour le milliard, yawafuata walemavu wa vita hivyo wakipanda boti pamoja na magongo na miguu ya bandia, wakiteremka mto kwa majuma hata Kinshasa kudai fidia, wakinyeshewa, na kufika katika uchaguzi wa Desemba 2018 wasikojaliwa na mtu. Baina ya safari amewaingiza wenyewe jukwaani, wakiigiza masaibu yao mbele ya giza. Mhariri mwenye haraka angeyatoa matukio hayo kwa hoja ya kwamba yanaikawiza safari. Yeye aliyaacha, nami nakubaliana naye, kwa kuwa bila hayo tungewaona tu kama abiria.

Filamu hiyo iliteuliwa rasmi kwa tamasha la Cannes la mwaka 2020, ya kwanza ya Kongo kupata heshima hiyo, na mwaka huo tamasha halikukutana kwa sababu ya korona. Februari 9, 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya majeshi yake nchini humo, ya Kisangani yakiwamo. Tangu hapo picha zisizoingia katika dakika zile 90 hivi si nyongeza tena za kuwafurahisha wapenzi. Mtu aliyekatwa katika filamu kwa sababu hadithi yake yafanana na ya mwenziwe bado ni mdai, na sura yake, mahali aliposimama, tarehe aliyosema, vyaweza kumfaa mbele ya dawati la fidia ambalo halijali mtiririko wa hadithi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la ghala kabla ya kuwa la sanaa. Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho asili yake ni mwaka 1963, kingeweza kutenga chumba kimoja na kumwambia kila apigaye picha mjini, awe Hamadi, awe mwandishi wa redio mwenye simu, awe mgeni wa Hollywood anayeomba kibali, kwamba nakala ya yote aliyopiga, si ya yale aliyochagua peke yake, ibaki pale. Si kazi ya mara moja: diski huchoka ndani ya miaka michache na hudai kunakiliwa upya, unyevu wa msitu huingia kila mahali, na chumba kile kitataka ubaridi usiku na mchana katika mji ambao mwenye kibanda cha video huhesabu mafuta kwa dakika. Atakayelipa gharama hiyo ni swali la bajeti ya jimbo, na katika bajeti hiyo, kabla ya mashujaa wengine wowote, ndiko ningependa kelele za wapenzi wa filamu zielekezwe.